Ada ya Kuangalia Tu

"Nilipe ili mtu aangalie tu? Gari lina miezi saba na tayari linagonga, lina waranti ya miaka mitatu, halafu nilipie macho yenu?"

Fundi aliisikia sauti hiyo akiwa chini ya gari jingine. Alikuwa mama wa mchumba wake. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu wazee wapeleke posa, na mama huyo alikuwa hajasema ndiyo wala hapana.

"Ndiyo sera ya kampuni, mama," alijibu msimamizi wa mapokezi, ambaye karakana nzima ilimwita Bwana Sera. "Tukikuta kasoro ya kiwanda, hulipi hata senti. Tukikuta kasoro ya mteja, unalipia uchunguzi."

"Na nani anaamua?"

"Fundi wetu."

"Basi nampa huyu," mama akasema, akimwona fundi anatoka huku akijifuta grisi kwa tambara. "Huyu namjua, hana uongo."

Makubwa! Fundi akamwamkia, akapokea ufunguo, akalipeleka gari uani. Kwenye tuta la kwanza tu: ngo! ngo! Akafungua boneti, na hakutafuta hata dakika mbili. Pembeni ya betri ilikuwa imelala spana namba kumi, mpini wake umezungushiwa uzi mwekundu. Uzi ule aliuzungusha mchumba wake, ili spana za mpenzi zisichanganyike na za wenzake. Na aliyelifanyia gari hili sevisi mwezi uliopita alikuwa yeye mwenyewe. Tangu siku hiyo alikuwa hasemezani na fundi rangi, akiamini kamwibia spana hiyo.

 Fomu ilikuwa na visanduku viwili: kasoro ya kiwanda, kasoro ya mteja. Cha tatu hakikuwepo, maana katika kampuni ile fundi hakosei. Akitia tiki kwenye kiwanda, mama ataondoka anacheka, spana itarudi mfukoni, na nani atajua? Akisema kweli, ataonekana mzembe, na nani anamwoza binti yake mzembe? Akaishika kalamu, akaiweka, akaishika tena. Mwisho akachora kisanduku cha tatu kwa mkono, akaandika: kasoro ya fundi.

Akarudi mapokezi na spana mkononi.

"Mama, nisamehe. Niliisahau mimi, siku ya sevisi."

Bwana Sera aliisoma fomu, akakunja uso. "Kompyuta haina kisanduku hiki. Kama si ya kiwanda, ni ya mteja. Mama, utalipia."

"Bosi, nikate mimi mshahara!"

"Sera hairuhusu."

Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisubiri mama awake moto. Mama akafungua mkoba, akalipa.

Hata Bwana Sera alipigwa na butwaa. "Hubishi tena, mama?"

"Nibishe nini? Spana niliiona tangu Jumapili, nilipokuwa naongeza maji ya waipa. Uzi wenyewe umetoka kwenye kikapu changu cha kushonea. Nikaiacha palepale." Akamgeukia fundi. "Waambie wazee wako waje Jumamosi."

Kisha akanyoosha mkono mezani. "Na risiti naomba, bwana. Mume wangu alishikilia kwamba kijana angeificha spana, kwa hiyo atalipa yeye."