Mahpara Kwenye Njia Panda

Mwalimu Jahanzeb hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo sasa nimeshapoa. Lakini somo lake la utangulizi wa kompyuta, pale chuoni kwetu Multan, Pakistan, lilitukamua. Tulianza tumebanana, na kabla baridi haijaingia viti vilikuwa vinashika vumbi. Wengine walihamia uchumi, wengine waliolewa.

Mwenzangu wa chumba bwenini, Mahpara, alipambana kwa silaha aliyokuja nayo kutoka kwao Bahawalpur. Alikuwa amehifadhi Kurani nzima tangu utotoni, na bweni zima likimwita Hafidha. Basi kila programu ambayo Mwalimu aliiandika ubaoni, yeye aliihifadhi neno kwa neno, nukta kwa nukta, akiyumba mbele na nyuma kitandani mpaka nikawa naota mabano. Nilimtania kwamba kompyuta haitoi thawabu. Alicheka, akaendelea.

Mtihani wa kwanza ukamuumbua. Darasani tulikuwa tumejifunza kutafuta alama ya juu kabisa. Mtihani ukataka ya chini kabisa. Mahpara akaandika ile ya ubaoni, kamili, pamoja na kosa ambalo Mwalimu mwenyewe alilifanya siku ile kwa haraka. Akaitwa ofisini kwa wizi wa majibu. Nilimsindikiza mpaka ndani. Akajitetea kwa njia pekee aliyoijua: alifumba macho, akaisoma programu yote kwa ghibu, halafu ya wiki iliyotangulia, halafu ya kabla ya hiyo. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimekubali, binti, hukuiba," alisema. "Ila ungeiba ningepata nafuu. Mwizi angalau anachagua cha kubeba."

Akampa mtihani wa marudio Jumatatu. Akishindwa, idara inamwondoa. Na baba yake, aliyekubali kumtoa nyumbani baada ya kubembelezwa na ukoo mzima, alishasema kwamba akirudi kwa kufeli, ndio basi, hatasoma tena.

Nilijitwika kumfundisha, nikaishia kumfokea. Sina subira, mama yangu anajua. Alasiri moja tukiwa juu ya paa la bweni, tunaanua nguo, nilimwuliza kwa hasira ilikuwaje swali liseme chini na yeye aandike juu.

"Kuna aya zinafanana," alisema polepole. "Zinakwenda sawa, sawa, halafu neno moja linabadilika. Ukizishika kwa ulimi tu, unateleza, unajikuta uko sura nyingine. Mtihani umenifanyia hivyo hivyo."

"Na huko kwenu mlikuwa mnafanyaje?"

"Ustadha wetu wa madrasa alikuwa anagonga sakafu. Ukifika kwenye njia panda hupiti mpaka umwambie maana. Hii inakwenda wapi, ile inakwenda wapi."

Hasira zikaniisha zote. "Shoga," nikamwambia, "programu nzima ni njia panda."

Tangu siku hiyo yeye alisoma, mimi nikagonga paa kwa kandambili. Kila mahali ambapo kompyuta ilitakiwa kuchagua, hapiti mpaka aseme akiingia huku kutatokea nini, na akiingia kule nini. Mwanzoni hakumaliza hata programu moja. Alilia, nami nikalia kwa kumwonea huruma. Kisha tukabadilishana, nikasoma yangu iliyokuwa imekataa kunipa jibu sahihi, na kandambili ikashuka mapema sana. Aliniambia kwenye kujumlisha alama za darasa nimeanzia kwa mwanafunzi wa pili, yule wa kwanza nimemruka. Nilikuwa nimeitazama siku nzima bila kuliona kosa hilo.

Jumatatu Mwalimu alimketisha maabara mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa mlangoni, najifanya natafuta chaja. Swali lilitaka idadi ya wanafunzi waliozidi wastani wa darasa, kitu ambacho hakijawahi kuandikwa ubaoni. Mahpara akaanza kuyumba, midomo ikicheza, nikajua tumekwisha. Kisha akatulia. Kidole chake kikagonga meza. Akaandika kidogo, akagonga tena.

Programu aliyoitoa ilikuwa ndefu na imepinda, lakini jibu lilikuwa sahihi. Mwalimu aliisoma, akairudia.

"Hii umeihifadhi kutoka wapi?"

"Hii sijaihifadhi, Mwalimu. Ukiifuta, siwezi kuirudia." Akafikiri. "Lakini naweza kuandika nyingine."

Mwalimu akanyoosha mkono, akaifuta yote.

Nilimchukia mtu yule kwa roho yangu yote. Nilitaka kuingia nimwambie la kumwambia, chuo kinifukuze na mimi. Mahpara hata hakunitazama. Alivuta kiti karibu, akagonga meza kwa kidole, akaanza.

Ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza.