Mkoba Uliokuwa Chini ya Kaunta

Nimeuza mikoba Migori miaka ishirini na miwili, na mtu asiniambie kwamba sijui kuuza. Namjua mwanamke anayetaka mkoba na namjua anayekimbia jua tu. Mkoba wa shule naweza kumuuzia mtu asiye na mtoto. Kwa hiyo jirani yangu Machuki, muuza viatu, aliponiuliza kwa nini mteja mmoja anakuja kila Alhamisi na kuondoka mikono mitupu, nilimwambia ashughulike na viatu vyake. Machuki haogopi mtu. Aliniambia, "Mzee Noordin, siku hizi hauuzi. Unafukuza."

Mteja mwenyewe anaitwa Rispa. Mimi humwita Mama Levi, kwa jina la mwanawe aliye Qatar. Alikuwa nesi, akastaafu mwaka jana, akabaki kwenye nyumba ya kupanga huku Suna, hapahapa Migori, ingawa kwao ni kisiwa cha Rusinga. Siku ya kwanza, Alhamisi moja, aliingia dukani na kikapu, akakiweka juu ya kaunta, akafunua leso, na ndani ya leso palikuwa na kamera ndogo nyeusi imelala kama kitoto.

"Nataka begi ya hii," alisema. "Ndogo. Nikitembea hapa town isijulikane kama ni kamera iko ndani. Na nikienda kupanda mlima, isinipige-pige mbavu."

"Mlima gani?"

"Asego, kule Homa Bay. Mara moja kwa mwezi hivi. Na kuwe na mahali pa lenzi ya pili, na chupa ya maji. Na mvua isiingie."

"Na nani mnapanda naye?"

"Sina mtu," alisema, akafunga leso.

Alilisema kawaida kabisa, kama mtu anayesema hana chenji. Nami naijua hali hiyo. Mke wangu Kaltum nilimzika hapahapa Migori miaka minne iliyopita. Binti yangu Asmaa yuko Malindi, hunipigia Ijumaa baada ya swala, ananiuliza kama nimekula, mara mtoto analia, mara simu imekatika. Kila akipiga ananiambia nirudi kwetu pwani. Nirudi kwa nani? Wote niliocheza nao wamekufa au wamenisahau. Hapa angalau watu wananijua kwa jina, hata kama hakuna anayekaa.

Siku hiyo sikuwa na mkoba wa kumfaa, na huo ni ukweli. Nilimwambia mzigo wangu wa Nairobi hufika kila Alhamisi, arudi wiki ijayo, aniachie namba. Nikaiandika kwenye simu: Rispa Mkoba. Na kwa kuwa mteja wa kusubiri hupewa kahawa, hivyo ndivyo nilivyolelewa, nililishusha dele rafuni. Dele ni lile birika la shaba la kahawa. Lilikuwa na vumbi la miaka minne, maana Kaltum ndiye aliyekuwa akinywa na mimi alasiri. Nililisugua mpaka mkono ukauma.

Mama Levi alionja kikombe chake, akakunja uso.

"Sukari iko wapi?"

"Hii ni kahawa tungu. Haitiwi sukari."

"Hata dawa ya malaria ni tamu kushinda hii," alisema. Lakini alimaliza.

Alhamisi iliyofuata mzigo ulifika, na ndani yake, katikati ya mabegi ya shule, kulikuwa na mkoba mmoja wa kijivu. Ukubwa wake ni wa mkate. Ndani una sponji na vyumba viwili, kimoja cha kamera, kimoja cha lenzi. Ubavuni pana mfuko wa chupa. Mkanda wake ni wa bega, na nyuma umefichwa mkanda mwingine wa kufunga kiunoni, ili mtu akipanda mlima usiyumbe. Chini una kijifuko chenye kifuniko cha mvua. Ukiutazama kwa mbali ungedhani ni wa mama anayekwenda kanisani na Biblia yake. Wallahi, kama angeushona fundi kwa maneno ya Mama Levi asingeupatia hivyo.

Nilimwona akivuka barabara na kikapu chake. Nikauchukua ule mkoba, nikausukuma chini ya kaunta, nyuma ya kasha la kufuli.

Sijui niseme nini hapo. Nilijiambia ni kwa leo tu. Anywe kahawa, aniambie alikokwenda, wiki ijayo nitampa.

Nikamwonyesha mwekundu. Akaupenda. Nikamwambia zipu ile itakusaliti hujafika Rongo. Nikamwonyesha wa bluu. Akauvaa, akageuka geuka mbele ya kioo. Nikamwambia mkanda huo utakukata bega, na wewe si msichana.

"Wewe ni muuzaji aina gani?" aliniuliza.

"Mwaminifu," nilisema.

Basi zikawa Alhamisi za kahawa. Nilikuwa na mdomo wa kutosha. Huu una nafasi ya bure, kamera itacheza ndani. Huu unapiga kelele, mwizi atausikia toka stendi. Huu ni wa ngozi, na ngozi yenyewe si ngozi. Nilizisuta bidhaa zangu mwenyewe kama mkwe asiyetaka harusi. Na yeye alinywa kahawa yake kwa uso uleule uliokunjwa, kisha akanionyesha picha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma ya kamera.

Alipiga milango. Alipiga mabango yaliyofutika rangi, kinyozi akifagia nywele, kuta, ngazi, kuku juu ya pikipiki. Nilikuwa nimekaa Migori miaka ishirini na miwili na sikuwa nimeona hata kimoja cha vitu hivyo.

"Unampelekea nani?" nilimuuliza siku moja.

"Levi nilimtumia za kwanza. Alijibu na kidole gumba." Akazima kamera. "Si lazima mtu aone. Hospitali nilikuwa naitwa kila saa, sista huku, sista kule. Sasa hakuna mwenye ananiita. Nikipiga picha, angalau nimeangalia kitu."

Nilitaka kumwambia kwamba mimi naelewa. Nikamwambia ule mkoba wa kahawia una harufu ya gundi.

Siku sita za wiki nilikuwa mtu wa kufungua na kufunga duka. Siku ya saba nilichana ndevu. Nikiwa nimekaa peke yangu niliuvuta ule mkoba wa kijivu, nikafungua zipu, nikafunga, nikajiapiza: Alhamisi hii nampa. Lakini akishaupata, atakuja kufanya nini? Mtu hanunui mkoba kila wiki. Nikaurudisha palepale.

Alhamisi ya tisa alikuja amechelewa. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimefungwa bendeji. Kikapu alikiweka juu ya kaunta polepole, akafunua leso. Kioo cha lenzi kilikuwa na ufa. Kamera yenyewe ilikuwa na ukungu ndani, kama dirisha la jikoni.

"Jumamosi, Asego," alisema. "Nilikuwa nashuka. Mvua ilikuja mara moja, na wewe unajua hiyo njia."

Sikuijua. Homa Bay nimepita tu nikielekea kwingine.

"Mkono mmoja umeshika kikapu, mwingine unashika nyasi. Nikateleza. Kikapu ikaenda yake, ikaingia kwa maji. Fundi wa Homa Bay amefungua, amesema haifufuki."

Niliitazama bendeji. Niliutazama mkono wa kikapu, ulikuwa umevunjika ukafungwa kwa kamba. Chini ya kaunta, kama hatua moja kutoka miguuni pake, palikuwa na mkanda wa kiunoni na kifuniko cha mvua.

"Lakini kadi ya picha ilipona," alisema, akatoa bahasha. "Nikasafisha moja. Ni yako. Nilikupiga bila kukuambia, usikasirike."

Ilikuwa picha ya duka langu kutoka ng'ambo ya barabara. Mabegi yananing'inia, na mlangoni amesimama mzee, kanzu imepigwa pasi, shingo ameinyoosha kuangalia upande wa juu wa mtaa. Mkononi ana kikombe. Uso wake sikuupenda. Ulikuwa uso wa mtu aliyeambiwa asubiri akasahauliwa.

"Hiyo siku nilikuja na njia ya chini, hukuniona," Mama Levi alisema. "Nilisimama nikakuangalia kitambo. Ulikuwa unangoja nani?"

Ningeweza kudanganya. Ulimi ninao, na uongo wa wiki saba ulikuwa umeshauzoea. Lakini niliiangalia ile kamera yenye ukungu na sikuweza. Niliinama, nikasogeza kasha la kufuli, nikauweka mkoba wa kijivu juu ya kaunta.

Aliufungua kwa mkono wake mzima. Akaiingiza kamera iliyokufa, ikakaa sawasawa. Akaweka lenzi ya pili kwenye chumba chake, chupa ubavuni. Akauvuta ule mkanda wa nyuma, akaupima kiunoni. Chini akakuta kifuniko cha mvua, akakikunjua, akakikunja tena vizuri, kama mtu anayekunja shuka la mgonjwa.

"Hii ilikuja lini?"

"Alhamisi ya pili."

"Ya pili," alisema.

"Nilijua ukiupata hutarudi."

Alivitoa vitu vyake kimoja kimoja, akavirudisha ndani ya leso, leso ndani ya kikapu. Nilimwambia auchukue, ni wake, sitaki kitu. Nilimwambia nitatafuta kamera nyingine. Nilisema mengi, hata siyakumbuki. Yeye alikuwa akifunga fundo la leso kwa vidole vya mkono mmoja, na mimi nilisimama nikiangalia, sikujua kama naruhusiwa kusaidia.

"Mzee Noordin," alisema mwishoni. Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Ungeniambia tu nije kunywa kahawa. Ningekuja."

Akachukua kikapu chake, akatoka. Kahawa yake aliiacha imejaa.

Machuki alichungulia, akaona mkoba juu ya kaunta, akaniona mimi, akarudi kwenye viatu vyake bila neno. Hiyo ilinitisha kuliko maneno.

Siku tatu niliitazama ile namba. Ya nne nikaandika: *Mama Levi, nisamehe. Alhamisi nitapika kahawa. Hakuna mzigo.* Nilifuta, nikaandika tena, nikaongeza: *Sukari nimenunua.* Nikaituma kabla sijaogopa. Baadaye alama zikawa mbili, kisha zikageuka bluu. Amesoma. Hakujibu.

Alhamisi ilipofika nilipiga pasi kanzu. Nilipika kahawa, nikaweka bakuli la sukari juu ya kaunta, na kibao alichokuwa akikalia nikakifuta. Mzigo wa Nairobi ulishushwa, nikauacha kwenye magunia. Ilipofika saa nane nilitoka na kikombe changu mlangoni, nikanyoosha shingo upande wa juu wa mtaa. Safari hii niliangalia na upande wa chini pia.