Vidonge na Chai ya Mami

Jina langu ni Nyawira, na kwa Kikuyu hilo ni jina la mtu wa kazi. Nimelirithi kwa shosho, mama yake baba, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekaa kitako mchana. Sasa fikiria aibu ya mwenye jina hilo akisinzia kwenye kaunta ya duka la vitambaa asubuhi, mteja akimgongea meza kwa ufunguo. Mimi, ninayenyanyua vyuma ambavyo wanaume wa mtaa wetu wa Skuta huvizunguka kwanza kabla ya kuvigusa, nilikuwa nikipanda ngazi za jim nimeshika ukuta.

Sisemi uchovu wa mazoezi. Ule ni mtamu, unakupa njaa na usingizi wa haki. Huu ulikuwa wa kuamka nao. Nikilala unalala, nikiamka nakuta umeshavaa viatu.

Na ulikuja wakati mbaya. Agosti kulikuwa na mashindano ya kunyanyua vyuma Nanyuki, na kocha Mwai alikuwa amenichagua mimi, kwa sababu kila jim ilipeleka mwanamke mmoja tu. Sijawahi kuwa hodari kwa jambo lingine lolote. Shuleni nilikuwa wa katikati, na kwenye kwaya ya kanisa nasimama nyuma ya nguzo. Lakini nikiinamia chuma watu hunyamaza. Nilitaka wanyamaze Nanyuki pia, hata mara moja tu.

Kila mtu alikuwa na sababu yake ya kunipa.

"Wewe umezidisha," kocha aliniambia. "Mwili si trekta. Pumzika hii wiki yote."

Nilipumzika wiki nzima, nikarudi nimechoka kuliko nilivyoondoka. Amran, mwanamke mwingine wa pekee pale jim, ambaye hufanya mazoezi na mimi akishafunga duka lake mtaa wa Majengo, akasema tatizo ni chakula.

"Walahi, unakula kama mtu amefunga na hakuna mtu amemwambia jua imezama."

Basi nikala. Mayai, maharagwe, ndengu, nyama nilipoipata. Nilinenepa mashavu, nikachoka vilevile. Mwingine akalaumu simu, nikaanza kuizima mapema. Jirani yangu akasema labda ni mimba, nikamtazama mpaka akakumbuka ameacha kitu motoni.

Mwishowe nikaenda kwa daktari Warigia, kwenye kliniki ndogo karibu na soko. Alinivuta kope ya chini, akachungulia, akasema, "Hapa ndani inafaa kuwa nyekundu." Akanipima damu, ikawa iko chini sana. Akaniuliza kuhusu hedhi, nikamwambia ukweli kwamba ni nzito na inakaa. Sikuwa nimemwambia mtu, nilidhani kila mwanamke ni hivyo. Akanipa dawa ya hiyo, na vidonge vya kuongeza damu. Nilitoka pale karibu nicheke barabarani. Sikuwa mgonjwa wa uvivu.

Mami aliposikia, alifunga safari kutoka Kangari kuja kuniuguza.

Mami anaitwa Magdaline. Amechuma majani chai tangu kabla sijazaliwa, na vidole vyake vina weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Hakuwahi kusifiwa kwa kazi hiyo. Kikapu chake kilikuwa cha mwisho kujaa, na mara nyingi alikutwa amekaa katikati ya mistari, akitafuna kile kijiwe laini cha udongo ambacho hakikosi mfukoni mwake. Shosho alikuwa akisema, hata mbele ya wageni, kwamba mwanawe alioa mtu wa kukaa.  Mami alikuwa anainuka tu, polepole, anaenda kupika.

Alikuja na nduma za kuchemsha, blanketi, na mfuko mkubwa wa majani. Kila asubuhi, ukungu wa Julai ukiwa bado umeshika madirisha, aliniletea kitandani kikombe cha chai iliyochemka na maziwa mpaka ikakolea, na vidonge vyangu kwenye kisahani.

"Meza na kitu moto," alisema. "Maji baridi itakushika kifua."

Mchana ilikuwa nduma na chai, jioni chakula na chai. Kwetu huwezi kukataa chai ya mtu. Hata mkikosana mnakunywa kwanza, ndipo mgombane. Nami niliipenda, sitadanganya. Ilikuwa muda mrefu tangu mtu anibebee kitu.

Wiki zikapita, na badala ya kuinuka nikazidi kuzama. Siku moja pale jim, chuma ambacho zamani nilikinyanyua kwa kupasha mwili tu kilikataa kuachana na sakafu. Nikajaribu tena, kikakataa. Watu walinyamaza, lakini si kule kunyamaza nilikokutaka.

Kocha akanishika bega. "Nyawira, Nanyuki ataenda Amran. Wewe pona kwanza."

Amran alijifanya anafunga kamba za viatu. Nilimwonea wivu mbaya, wivu wa kutaka kulia mbele za watu, halafu nikakosa nguvu hata za kuuendeleza. Nikachukua mfuko wangu nikashuka.

Nilimwendea daktari Warigia nikiwa na maneno yangu tayari. Nikamwambia vidonge vyake ni bure.

"Unameza na nini?" akauliza.

"Na chai. Na nini ingine?"

Akaweka kalamu chini, akafumba macho kidogo.

"Hiyo ni makosa yangu. Nilifaa kukuuliza siku ya kwanza. Huku kila mtu anameza dawa na chai." Kisha akanieleza kwamba chai inazuia kile kinachojenga damu kisiingie mwilini, kiwe cha vidonge au cha maharagwe. "Meza na maji, ama na chungwa. Chai ikae mbali na chakula, masaa mawili hivi. Utapona, lakini damu haina haraka. Sahau Nanyuki ya mwaka huu."

Nilitembea kwenda nyumbani polepole kuliko miguu ilivyotaka. Nanyuki nilikuwa nimeshaizika. Kilichonitesa ni jinsi ya kumwambia Mami.

Nilimkuta jikoni, sufuria inachemka. Nikasema yote kwa mkupuo, kabla sijaogopa.

"Ati chai yangu ndio imekuweka chini?" Akazima moto. "Hiyo chai ndio ilikusomesha, Nyawira."

"Najua, Mami. Chai si mbaya. Ni kuingoja tu, isikutane na chakula."

Akavuta stuli akakaa, mikono mapajani, akiitazama sufuria. Nilitamani anigombeze. Kisha akauliza, "Na huyo daktari, alijuaje uko na hiyo kitu?"

"Ni dalili. Unachoka kila wakati hata ukilala. Ukisimama unaona giza. Ukipanda kilima moyo inakimbia. Ati wengine hata wanatamani kula udongo."

Mkono wake ukaingia mfukoni kwenye kile kijiwe, ukabaki humo.

"Hiyo si ugonjwa," alisema. "Hiyo ni maisha. Mimi niko hivyo tangu nikuzae."

Niliwahi kumsikia akisema amechoka, mara nyingi tu. Nilisikia kama mtu anavyosikia mvua. Nikamwomba aje dirishani. Akaja, akishika meza, kisha kiti, jinsi alivyotembea maisha yangu yote. Nikamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, kama nilivyovutwa mimi.

Ndani kulikuwa kweupe.

"Unaona nini?" akauliza.

"Vaa sweta, Mami. Twende kliniki sasa hivi."

"Na damu yangu iko chini pia?"

"Nafikiri imekuwa chini miaka mingi."

Hakusogea. Alisimama pale dirishani, jicho moja likitoa machozi kwa sababu ya kidole changu, au si kwa sababu ya kidole changu.

"Kwa hivyo," akasema taratibu, kama anayeogopa kujibiwa, "mimi sikuwa mvivu?"