Bakuli la Zaituni

Na mimi nakwambia kwa mara ya mwisho, bakuli la mtu halirudishwi tupu, namwambia binti yangu Tunu, lakini hanyamazi. Mama, lina miezi minne kabatini. Ulipopasuliwa, Bi Zaituni alikuletea uji humo kila asubuhi, siku kumi na tisa, na hujamwambia hata neno. Neno halijazi bakuli, namjibu, nikipata nafasi ya kupika mkate wa kumimina ulioumuka vizuri nitampelekea. Haya, endelea kusubiri nafasi, anasema, anatoka, anabamiza mlango. Adabu sifuri. Najilaza kwenye kochi na bakuli kifuani, mchana kweupe, nifikiri kidogo tu, na kochi linaanza kushuka nami, linashuka, sakafu haifiki.

Nimesimama njiani. Njia naijua, ya kwenda kwa Zaituni, nyumba sita tu kutoka kwangu, ila nikifika ya sita naikuta ndiyo ya kwanza, naanza upya. Kushoto nyumba, kulia nyumba zilezile zimegeuzwa kama kwenye kioo, namba za milangoni kinyumenyume. Kila dirisha lina taa, na kila ninalolipita linazimika. Wanawake wanapishana nami wamebeba mabakuli yaliyofunikwa kawa, na ndani ya mitandio yao hakuna uso, pako laini kama unga uliokandwa. Namshika mmoja mkono. Dada, kwa Zaituni wapi? Kitendawili, anasema. Sina muda wa vitendawili, nionyeshe njia. Kitendawili, anarudia, basi nasema tega. Kikijaa nakibeba kwa mkono mmoja, kikiwa tupu kinanishinda. Bakuli, nasema, hilo hata mtoto anajua. Sasa mbona unaliburuta? Natazama chini, kweli naliburuta, limechimba mfereji nyuma yangu hadi nisipopaona. Anacheka, na kicheko kinatoka na filimbi, kama kwenye pengo la meno ya mbele, kicheko kilichokuwa kinanifanya nishike mshono na kumwambia shoga acha, utanifumua. Zaituni, ni wewe? Kama unanijua, nipe uso wangu. Una pengo, nasema. Una doa jeusi shavuni. Shavu lipi? Sijui. Kila asubuhi, siku kumi na tisa, na sijui. Nataka kumwambia lile neno, mdomo haufunguki, napeleka mkono, nakuta pako laini. Taa ya mwisho inazimika.

Niko kwenye kochi. Naushika mdomo, upo. Namba za saa ya ukutani zinasomeka sawa, nazitazama tena, sina hakika. Jikoni kuna unga, kuna nazi, naviacha. Nachukua bakuli hivyohivyo, tupu, natoka peku, nahesabu nyumba kwa sauti, na ya sita inabaki ya sita. Nabisha hodi. Mlango unafunguka, amesimama kwenye kiza cha ukumbi, uso siuoni. Limekuja tupu, nasema, na nimechelewa. Zile asubuhi nilikuwa naogopa kufa, Zaituni. Nilikuwa nikisikia ndala zako uani, hofu inapungua. Asante. Miezi minne, Mama Tunu, inasema sauti, na hata kipande cha muhogo hukutia? Na filimbi inapita kwenye pengo. Namshika mkono, namvuta nje barazani, juani, nione doa liko shavu gani.