Pampu Isiyoagwa

Asubuhi hiyo Fundi aliifunga injini ya boti ya kuvusha abiria kwenye fremu ya mbao gerejini, akavua kifuniko na kuanza kuing'oa pampu. Ilikuwa pampu ya kazi mbili: kuvuta petroli na kuichanganyia oili. Petroli iliiweza bado, ila oili ilikuwa ikibahatisha, na injini ikinyimwa oili hainuni, hunoki tu, ikagoma na kuzima katikati ya maji, abiria wakiwa ndani. Fundi akauziba mpira wa oili na kufunga pampu ya kawaida, ya petroli peke yake. Kuanzia hapo oili ingechanganywa kwa mkono ndani ya dumu.

Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa marehemu baba yake, fundi naye. Kila kipuri kinachoondolewa kazini huambiwa, "Ahsante kwa kazi, pumzika." Plagi huambiwa, hata nati huambiwa. Lakini siku hiyo Meneja wa gati alikuwa amesimama mlangoni anachezesha funguo.

"Fundi, dada yangu, fanya hima! Watu wanatutukana huko!"

Fundi akaitia pampu kuukuu mkobani bila kuiaga.

Jioni, nyumbani, mama yake aliitoa mkobani akaikuta inapiga, tik, tik, tik. Haikuunganishwa na chochote. Tone la oili safi likadondokea kitambaa cha meza.

"Hii hukuiaga," mama akasema.

"Nilisahau, mama. Meneja aliniweka roho juu."

"Basi haijui kama imeachishwa. Lete bakuli."

Pampu ikapewa nafasi yake kwenye dirisha la jikoni, ikidondosha oili bakulini. Bawaba za milango zikanyamaza. Cherehani ikashona bila kugomba. Mama, aliyekuwa akipanda ngazi kiubavuubavu kama kaa, alijipaka magotini akaanza kuruka vidato viwili viwili, na kila siku alikwenda kumsalimu jirani wa ghorofa ya juu mpaka jirani akachoka. Oili iliyobaki Fundi aliipeleka kwenye boti, kwa kuwa ofisi ilileta oili siku ilipojisikia. Injini ikalainika hivi kwamba abiria walianza kusikiana, ikabidi wasengenyane kwa kunong'ona.

Habari zikamfikia Meneja. Akaja jikoni, akanywa chai, akaitazama pampu kwa muda mrefu.

"Inafanya kazi mchana na usiku?"

"Hata sikukuu," mama akajibu.

"Na haidai chochote?"

"Haijadai."

Meneja akaingiwa na huruma. "Mfanyakazi wa namna hii kumwacha kibarua ni dhambi."

Pampu ikaajiriwa ajira ya kudumu. Ikapewa kitambulisho chenye picha, bima ya matibabu na likizo. Fundi, aliyekuwa kibarua hapo gatini tangu kifungua mimba wake ananyonya, naye sasa anaota ndevu, akaagizwa awe anaibeba kila asubuhi isichelewe kazini.

"Na mimi, Meneja?"

"Wewe tunakufikiria," Meneja akasema, na hakuwa anadanganya. Alikuwa amemfikiria miaka yote hiyo bila kuchoka.

Wenzake wakanywa soda, wakapiga makofi. Pampu ikamdondokea Meneja kwenye shati jeupe alipoinyanyua apigwe nayo picha, na Fundi akacheka mpaka akashika mbavu. Jambo lenyewe lilimuuma, tena sana, ila kicheko kilitangulia.

Likizo ya pampu ilipofika, iliila palepale dirishani, ikipiga tik, tik, kwa kuwa hakuna aliyeieleza likizo ni nini. Asubuhi moja Fundi aliiinamia, yale maneno yakiwa kwenye ncha ya ulimi.

"Iambie basi," mama akasema. "Itaacha, nao watakukumbuka."

Fundi akafikiria boti katikati ya maji na abiria wanaonong'ona. Akafikiria na magoti ya mama. Akayameza maneno.

Mama akachovya kidole bakulini, akajipaka goti.

"Na wewe, mwanangu, walishawahi kukuambia ahsante?"

"Bado."

"Ndiyo maana huachi."

Wakacheka wote wawili. Kisha Fundi akavaa ovaroli, akamimina oili kwenye chupa na kwenda kuichanganya na petroli, maana abiria wa kwanza walikuwa wameshafika gatini.