Kibali cha Nyumba ya Nyuma

Jumatatu, saa moja na robo asubuhi, fundi viatu alitoka na kitambaa chake cha kufutia vioo, akakuta gari lake limezama kwenye lami kina cha vidole vinne. Lilikuwa limezama sawasawa, mbele na nyuma, bila kuinama upande. Alilizunguka mara moja, akafuta kioo cha mbele kama alivyofanya kila siku, kisha akarudi ndani.

"Tumechelewa?" mkewe akauliza.

"Bado. Gari limeanza kuzama."

"Basi ngoja nijihimu," mkewe akasema, akautafuta mkoba wake.

Mkewe alikuwa mgonjwa wa figo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alitakiwa awe hospitalini saa mbili kamili, mashine imsafishe damu kwa muda wa saa nne. Kutembea mwendo mrefu hakuweza tena. Ndiyo maana fundi, mtu asiye na makuu, alikuwa na gari. Kabla ya kuliwasha walikuwa wakimwomba Mungu kidogo, yeye kwa sauti na mkewe kwa midomo tu. Siku hiyo pia waliomba. Gari likaondoka likiilima lami kama jembe, na kwa wakati walifika.

Sababu ilijulikana mtaa mzima. Tangu tarehe mosi halmashauri ilikuwa imeacha vibali vya karatasi vya kuegesha magari na kuhamia kwenye mfumo wa kidijitali, na magari ambayo hayamo kwenye mfumo yalikuwa yanazama. Kwa miaka kumi na moja kibali cha fundi kilikuwa karatasi ya kijani kwenye kioo cha mbele, iliyojazwa kwa mkono na karani aliyeitwa na kila mtu Mama Mihuri. Fundi na mkewe walipanga vyumba viwili nyuma ya nyumba namba kumi na saba, na kila mwaka Mama Mihuri aliandika: "17, nyuma." Mfumo ulikuwa na nafasi ya namba tu. Neno "nyuma" halikuwa na pa kukaa. Na namba 17 alikwisha kuijaza mwenye nyumba, kwa gari lake mwenyewe.

Jumanne fundi alifunga kibanda mapema, akaenda ofisini.

"Fundi, karibu. Mgonjwa anaendeleaje?" Mama Mihuri akauliza.

"Hajambo kidogo. Gari ndilo limenileta."

"Limefika wapi?"

"Asubuhi lilikuwa nusu ya magurudumu."

Mama Mihuri alibonyeza kompyuta, akasubiri, akasoma. "Inasema nyuma ya kumi na saba hakai mtu."

"Mama, si ulikuja kwetu kumjulia hali mgonjwa?"

"Nilikuja, na chai nikanywa vikombe viwili. Mimi nakujua, fundi. Ila siku hizi mimi siulizwi."

"Niandikie basi kwa mkono, kama zamani."

Akavuta mtoto wa meza, akamwonyesha. Ndani mlikuwa na kalamu moja na kofia ya kalamu nyingine. "Mihuri yenyewe walikuja kuichukua," akasema. "Jaza ombi la anwani maalumu kwenye simu. Wanataka picha ya bamba la namba, mbele na nyuma, lisomeke vizuri."

Fundi alipofika nyumbani, mabamba yote mawili yalikuwa yameshaingia chini. Alichukua patasi akajaribu kuchimba pembeni, lakini lami iliyokuwa laini kwa gari ilikuwa ngumu kwa patasi. Jirani wa namba kumi na sita, dereva mstaafu, alisimama akamtazama, mikono mfukoni.

"La shemeji yangu lilichukua siku tisa," jirani akasema. "Lako linakwenda mbio. Umelipakia nini?"

"Cherehani ya ngozi imo nyuma."

"Aa. Basi ni hiyo."

Fundi alipiga picha ya sehemu iliyobaki juu, akamwomba Mungu, kisha akabonyeza Tuma. Jibu lilikuja kabla hajakaa: Gari halionekani vizuri. Tafadhali piga picha mahali penye mwanga wa kutosha.

Jumatano waliingia garini kupitia madirishani. Injini iliwaka vizuri, gari halikusogea. Fundi akapiga simu ya teksi. Dereva akamwambia kwamba hawezi kuingia mtaa ule bila kibali cha mgeni, asije akazama naye, na kibali cha mgeni huombwa na mkaazi mwenye kibali chake. Fundi alimshukuru. Wakatoka madirishani, wakaanza safari kwa miguu kuelekea barabara kuu, mkewe akisimama kwenye kila nguzo ya taa.

Ijumaa paa lilikuwa usawa wa barabara. Mkaguzi wa maegesho alipita, akasimama juu yake, akaielekeza mashine yake chini. Mashine haikulia.

"Hapa pako wazi," akasema, akaendelea na kazi.

Kufikia adhuhuri gari la mkwe wa mwenye nyumba lilikuwa limeegeshwa pale, lina kibali cha mgeni.

"Fundi, usinifikirie vibaya," mwenye nyumba akasema. "Nafasi ilikuwa tupu."

"Ni kweli," fundi akasema. "Ilikuwa tupu."

Jumatatu iliyofuata walitoka mapema zaidi, wakafika hospitalini saa tatu kasoro dakika kumi. Mgonjwa wa zamu ya pili alikuwa ameandikiwa mashine hiyohiyo saa sita, hivyo mke wa fundi alisafishwa kwa muda uliobaki.

"Wamenifua bila kunisuuza," alimwambia mumewe, akacheka kidogo.

Jumatano ikawa vilevile. Ijumaa vilevile. Muuguzi, mwanamke mpole aliyemwita dada, alifungua faili akaandika: Mgonjwa huchelewa. Akamgeuzia faili atie sahihi, naye akatia.

Jioni ile fundi alivichukua viatu vya mkewe, akavilowesha kwa maji ya uvuguvugu, akavitia kalibu ya mbao ya kuvitanua, iliyozidi namba moja, kwa sababu miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Akavianika dirishani vipate umbo hadi Jumatatu. Kalibu ya namba mbili zaidi aliiweka karibu.