Wateja wa Jumamosi

Asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, jua huingia saluni kwa mlango wa mbele na kulala sakafuni mpaka kwenye kiti cha pili. Ndani ya jua hilo vumbi hucheza. Si vumbi la barabarani peke yake. Mna nywele humo, vipande vidogo vya nywele za watu, hupanda na kushuka bila haraka, na fagio likipita hupanda tena. Mama Mistari amefagia chumba hiki miaka ishirini na mmoja na hajapata kulimaliza vumbi lake.

Jina hilo alipewa na wateja. Akikugawa nywele kwa chanuo, mistari hunyooka kutoka paji mpaka kisogoni, na ukiiwekea rula, rula ndiyo itakayoona haya.

Siku hizi hasuki sana. Siku hizi anakaa kaunta, na simu ya saluni, na daftari la miadi, na penseli yenye kifutio mkiani. Anayetaka saa tatu humwomba yeye. Anayetaka kuahirisha humbembeleza yeye. Nani aje, nani asubiri, nani aambiwe pole tumejaa: daftari liko kwake.

Na daftari hilo, siku nzima, linamtaka aandike jina moja.

Kwa Pamba, saa mbili. Kwa Pamba, saa nne. Pamba yupo? Pamba ana nafasi? Basi nitamngoja Pamba. Huyu Pamba alikuja hapa miaka saba iliyopita, hata chanuo hajui kushika, akapewa kazi ya kutenga rasta, zile nywele za kuongezea. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya kiti, akizichambua mafungu membamba yaliyolingana, akimpa Mama Mistari mkononi fungu baada ya fungu. Leo wateja wamembatiza Pamba kwa wepesi wa mkono wake. Wanasinzia kitini. Yupo mmoja, mke wa mwalimu, alikoroma kabisa.

Kwa Mama Mistari hajawahi kukoroma mtu.

Tusifichane, mwanamke huyu ana wivu. Wala si ule wivu wa kutupa vyombo. Ni ule wa kukaa kimya na kuchonga penseli ambayo haijawa butu. Pamba akicheka na mteja, yeye anachonga. Mteja akijitazama kiooni, akageuka huku na huku, akasema mikono hii ibarikiwe, yeye anachonga. Mwezi huu pekee amezimaliza tatu.

Lakini hayo aliyameza. Wateja ni watu wa kupita, alijiambia, leo wako kwangu, kesho wako kwa jirani. Lililomshinda kumeza lilikuja Jumatano, kwenye simu ya saluni, kwa ujumbe mfupi kutoka kwa binti yake wa kumzaa.

"Mama, niandikie Jumamosi saa tatu. Kwa Pamba."

Binti huyo ana miaka ishirini na minne, ni muuguzi, na Jumapili anapanda ndege kwenda hospitali ya mbali, mkataba wa miaka miwili. Alikulia chini ya kaunta hii hii, akimsuka mwanasesere wake. Kichwa chake kimesukwa na mkono mmoja tangu nywele za kwanza: kwa shule, kwa mtihani, kwa homa ile iliyokaa wiki tatu, kwa siku ya mahafali. Hakuna mkono mwingine uliowahi kupita pale. Jumamosi ndiyo mara ya mwisho kwa miaka miwili, na mtoto anaomba mkono wa mtu mwingine, kama mteja aliyeokota namba ya simu kwenye bango.

Niandikie. Kwa Pamba.

Roho ilimuuma mpaka akataka kukaa chini, na alikuwa ameshakaa.

Alimjibu, "Jumamosi imejaa, mwanangu. Jioni nitakusuka mwenyewe nyumbani." Binti akajibu, "Sawa Mama." Sawa tu, bila neno la ziada.

Kisha akaufungua ukurasa wa Jumamosi. Mteja mkubwa wa asubuhi alikuwa ameahirisha jana yake, na asubuhi nzima ilikuwa nyeupe. Sasa uongo ulitaka kuvikwa nguo. Akaandika: saa mbili, Mama Ngazi. Saa tatu, Bibi Vikombe. Saa nne na nusu, Mwalimu wa Mvua. Saa sita, Dada Miwani. Wote kwa Pamba. Hakuyatafuta majina hayo, yalimjia yenyewe kwenye ncha ya penseli, naye hakujiuliza yametoka wapi. Alhamisi watu watatu walipiga simu kuomba Jumamosi asubuhi. Aliwaambia pole, tumejaa. Daftari liko kwake.

Jumamosi Pamba aliwahi. Alifunua daftari, akasoma, akainua nyusi.

"Bibi Vikombe ndiye yupi, Mama?"

"Mgeni."

"Na Mwalimu wa Mvua?"

"Mgeni."

"Wageni wanne siku moja," alisema Pamba, na maskini alifurahi. Akachemsha maji. Akafuta vioo. Akakaa akatenga rasta za vichwa vinne, akazitundika mgongoni mwa kiti, mafungu membamba, yamelingana.

Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Pamba alikwenda mlangoni, akachungulia barabara juu na chini, akarudi, akaenda tena. "Labda wamepotea njia," alisema. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ilikuwa fupi kweli, kutoka mlangoni mpaka kaunta. Mama Mistari aliitazama mikono ya Pamba imelala bure mapajani. Hilo ndilo alilolitamani mwaka mzima, kuiona mikono hiyo haina kichwa cha kushika. Alingoja afurahi, na furaha haikuja.

Karibu saa nne binti akaingia, amekuja kuaga. Alitazama viti vitupu, akatazama rasta zilizotundikwa.

"Dada, si mmejaa leo?"

"Tumejaa," alisema Pamba. "Hawajatokea tu. Hebu ona mwenyewe."

Binti akaegemea kaunta na kusoma ukurasa. Mama yake akachukua penseli akaanza kuchonga.

Kidole cha binti kilipita jina la kwanza, kikasimama kwenye la pili. Alisoma yote manne kwa sauti ya chini, taratibu, kisha akamtazama mama yake.

"Mama," alisema. "Si hawa ni wateja wangu?"

Penseli ikakatika.

Ni kweli, walikuwa wateja wake. Mtoto wa miaka minne, chini ya kaunta, na mwanasesere mmoja ambaye Jumatatu aliitwa Bibi Vikombe na Jumanne akaitwa Mama Ngazi. Alikuwa akiipaza sauti kutoka huko chini, saluni imejaa watu: Mama, niandikie Bibi Vikombe saa tatu. Na Mama Mistari, mkono mmoja ukiwa kichwani mwa mteja, aliandika kweli, pembeni ya ukurasa, kwa sababu asipoandika kulikuwa na kilio. Niandikie, Mama. Neno lile lile. Jumatano lilikuja tena na yeye hakulitambua.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Pamba, ambaye ni mwerevu, alikumbuka kwamba maji yanahitaji kutazamwa, akaingia ndani.

"Ulitaka nisije kwake," alisema binti.

"Nilitaka uje kwangu." Sauti ya Mama Mistari ilitoka ndogo. "Unaondoka kesho. Kichwa hicho nimekishika mimi siku zote. Mara ya mwisho unampa mtu. Mkono wangu umekukosea nini?"

Binti alichezea ukingo wa daftari.

"Unavuta, Mama."

"Navuta?"

"Unavuta tangu nikiwa mdogo. Kesho nina saa kumi na nne ndani ya ndege, nilitaka kulala bila kichwa kuniuma. Nikashindwa kukuambia usoni. Nikaona nijiandikishe tu, kama watu."

Miaka ishirini na mmoja. Vichwa visivyohesabika. Wateja walisema mistari yako, mistari yako, wakalipa, wakaenda nyumbani kumeza dawa za maumivu, na hakuna aliyefungua kinywa. Na mtoto aliyekuwa akilia kati ya magoti yake, yeye alimwambia tulia, acha utoto.

Aliigeuza penseli iliyokatika. Kwa kifutio akamfuta Mama Ngazi, akamfuta Bibi Vikombe, akamfuta Mwalimu wa Mvua na Dada Miwani, mmoja mmoja, akapuliza vumbi la kifutio. Akachukua kalamu ya wino, ambayo humo daftarini haitumiki, na akaandika: saa nne, binti yangu. Akapumzika. Halafu akaongeza, kwa Pamba. Hayo maneno mawili yalimchukua muda mrefu kuliko yote.

Binti alipokwisha kukaa kitini, Mama Mistari alikivuta kile kigoda cha zamani akakaa pembeni. Akachukua rasta mapajani, akachambua fungu, akanyoosha mkono.

Pamba aliduwaa. "Mama, acha tu, nimeshatenga."

"Suka," alisema Mama Mistari.

Akawa anatoa fungu, na jingine, na jingine. Wivu haukwenda popote, nisikudanganye; alikuwa nao pale pale mapajani, pamoja na rasta. Aliona vidole vya Pamba vinavyoingia bila kunyakua, akaona shingo ya mwanawe inavyolegea kwa namna ambayo kati ya magoti yake haikuwahi kulegea. Kwenye mstari wa tano binti alikoroma. Mama yake alitoa fungu lililofuata polepole zaidi, asije akamwamsha.

Jumatatu jua liliingia kwa mlango wa mbele likalala mpaka kwenye kiti cha pili, na vumbi likacheza ndani yake. Mna nywele humo. Baadhi ni za mtu ambaye sasa yuko mwendo wa saa kumi na nne angani kutoka hapa. Mama Mistari alikuwa ameshika fagio na hajaligusisha chini.

Mteja wa kwanza akasimama mlangoni. "Pamba yupo?"

"Yupo," alisema Mama Mistari. "Karibu. Ila pitia pembeni, usikanyage hapo kwenye jua."